Juma la Mbunge wa Nyali

Mtu wa Kongowea abishaye mlangoni kwa mbunge wake siku ya Jumanne hamkuti, naye hurudi akinung'unika. Pengine hana haki ya kunung'unika. Tangu jimbo la Nyali lilipopiga kura mara ya kwanza mwaka 2013, likamchagua Bwana Hezron Awiti Bollo, kisha mwaka 2017 Bwana Mohamed Ali, aliyekuwa mwandishi wa habari, kazi ya kutunga sheria imekuwa Nairobi.

Bunge linapoketi, vikao huanza saa nane u nusu mchana siku za Jumanne, Jumatano na Alhamisi; Jumatano kipo na cha asubuhi. Asubuhi nyingine ni za kamati, na huko ndiko hesabu za Serikali huchambuliwa hasa. Kiswahili charuhusiwa, ila aanzaye nacho sharti amalize nacho. Wabunge wakiwa chini ya 50, shughuli husimama.

Mwisho wa juma mbunge hurejea pwani, akakuta watu wamemngoja kwa karo na matibabu. Wachache mno humwuliza alinena nini Bungeni, ingawa maneno yote yanenwayo humo huchapishwa, na kila raia aweza kuyasoma.