Biashara ya Wawili, Lugha ya Mmoja

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hayo ndiyo hunenwa kila wakuu wa vyuo vikuu wanapotia sahihi mikataba ya kubadilishana wanafunzi. Lakini katika mikataba baina ya Marekani na Uchina, hasa inayowahusu wanafunzi wa biashara, kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa: mgeni na mwenyeji hawa huzungumza kwa lugha ya nani?

Mnamo Desemba 1978, wasomi 52 wa Kichina waliwasili Marekani, siku chache kabla ya nchi hizo kufungua uhusiano rasmi wa kibalozi. Mwaka wa 1984, Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichoko Buffalo kilianza kutoa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara katika mji wa bandari wa Dalian. Maprofesa walitoka Marekani na lugha ya darasa ikawa Kiingereza. Yamkini wakati huo hapakuwa na budi, kwani Uchina ndiyo kwanza ilikuwa ikijifunza uchumi wa soko. La ajabu ni kwamba desturi hiyo ingaliko. Hata mpango wa Schwarzman, ulioanza 2016 katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, hufundisha kwa Kiingereza. Mchina huhitimu na elimu mbili, ya fani na ya lugha. Mmarekani huhitimu na moja, pamoja na picha nzuri za Beijing.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mfanyabiashara wa Kichina akiletewa pendekezo asilolitaka, aghalabu hasemi "la". Husema yanjiu yanjiu. Kitenzi hicho maana yake ni kuchunguza, kufanyia utafiti. Kikirudiwa, uzito wake hupungua. Wanaisimu huuita mtindo huo uradidi, nao si mgeni kwetu: anayetembeatembea hana safari. Mswahili naye, akiombwa asichonuia kutoa, hujibu "tutaona". Mwanafunzi aliyelelewa kwa tafsiri ya Kiingereza husikia ahadi ya uchunguzi, akarudi hotelini kungojea matokeo.

Naam, wapo waliolitambua jambo hili mapema. Katika kituo kilichofunguliwa 1986 na vyuo vikuu vya Johns Hopkins na Nanjing, Mmarekani husomeshwa kwa Kichina na maprofesa wa Kichina, naye Mchina husomeshwa kwa Kiingereza. Isitoshe, huishi wawili wawili chumba kimoja. Kusoma uchumi kwa Kichina ni mateso, sina shaka, lakini hapo kila mmoja huyaonja mateso ya mwenziwe.

Wanaokubali mateso hayo wamepungua. Wamarekani waliosoma Uchina walikuwa 14,887 mwaka wa masomo wa 2011/12. Baada ya maradhi ya korona, mwaka wa 2021/22 walikuwa 211 tu, ilhali Wachina zaidi ya 290,000 walikuwa vyuoni Marekani. Novemba 2023, akiwa San Francisco, Rais Xi Jinping aliwaalika vijana 50,000 wa Marekani katika muda wa miaka mitano. Ni ukarimu wa kupigiwa mfano. Hata hivyo, ziara ya majuma mawili ya kukagua viwanda na kupanda Ukuta Mkuu haimfikishi mtu hata kwenye yanjiu ya pili.