Taveta: Bandari ya Bara Waliyoigombea Wakubwa

Kutoka Voi kuelekea magharibi unapita Mwatate, Bura na Maktau, kisha milima ya Taita inabaki nyuma na nyika inatanda mpaka macho yachoke. Leo ni safari ya saa chache juu ya lami. Zamani za misafara, mpagazi aliyetoka Mombasa na mzigo kichwani alikuwa amekwisha kulivuka pori kavu la Taru kabla hata hajaiona Taita, na baada ya Bura hakuwa na maji ya kuyategemea mpaka aufikie msitu wa Mto Lumi. Ndani ya msitu huo ndimo ilimokuwa Taveta, na wasafiri waliingia humo kama mabaharia wanavyoingia bandarini. Walinunua ndizi na nafaka, waliuguza miguu, walitunga upya shanga zao kwa vipimo walivyovitaka Wamaasai, wakawangoja wenzao waliokuja kwa njia ya Pangani ili waungane na kupenya mbele kutafuta pembe za ndovu.

Wenyeji wa bandari hiyo hawakuwa na mfalme. Wataveta walikusanyika kutoka pande nyingi, Upare, Ukambani, Taita, Uchagani, wengi wao wakikimbia njaa au vita, wakajenga jamii moja iliyoongozwa na wazee na marika. Miti iliyosongamana iliwazuia morani, nao wageni waliingia kwa ruhusa na kwa heshima. Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, aliijua vizuri Taveta. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipiga kambi hapo mwaka 1883, na wengine, Teleki na von Höhnel, wakafanya hivyo mwaka 1887. Naisisitiza historia hii kwa sababu vitabu vingi huianza habari ya Taveta pale mzungu wa kwanza alipotia sahihi karatasi.

Karatasi zilikuja mfululizo. Mwaka 1884 Harry Johnston, Mwingereza aliyekuja Kilimanjaro kukusanya mimea na wanyama, alipata hati ya ardhi Taveta. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyeihesabu njia yote ya misafara kuwa milki yake, alimtuma Jenerali Lloyd Mathews akawafanye machifu wa Kilimanjaro waikubali bendera yake. Haukupita muda, Karl Jühlke akafika kwa niaba ya Wajerumani na mikataba mingine, tena kwa baadhi ya machifu wale wale. Kwa mtawala kama Rindi wa Moshi, kila bendera ilikuwa njia ya kupata bunduki na nguo za kuwashinda majirani, na sioni haki ya kumlaumu.

Ubishi ulimalizwa mbali na Lumi. Mapatano ya Novemba 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani yalichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe, kisha ukapita kati ya Taveta na Uchaga. Taveta ikawa ya Waingereza, Kilimanjaro ikawa ya Wajerumani, na Barghash akaachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi. Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima haina ukweli: mwaka 1886 Wilhelm II hakuwa bado Kaisari, alikalia kiti mwaka 1888. Kilichoamua mambo ni hati ya Johnston na biashara iliyopita msituni.

Vita Kuu vya Kwanza vilipozuka, mstari huo ulitibuka tarehe 15 Agosti 1914. Tom von Prince, yule Bwana Sakarani aliyepigana na Mkwawa, aliongoza kikosi kikaiteka Taveta. Wajerumani wakachimba mahandaki kwenye kilima cha Salaita, na kutoka huko wakatuma vikosi vidogo kulipua Reli ya Uganda karibu na Voi. Waingereza wakaanza kujenga reli mpya kutoka Voi mwaka 1915, ikipita Maktau na Mbuyuni. Shambulio lao la Salaita la tarehe 12 Februari 1916 lilishindwa. Askari wapya wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma, wakaokolewa na askari Wabaluchi wa jeshi la India ambao Waafrika Kusini hao walikuwa wamewadharau. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, aliingia kwa jeshi kubwa zaidi, na baada ya mapigano makali ya usiku katika vilima vya Latema na Reata njia ya Moshi ikafunguka.

Reli ile ya vita ilibaki na kuunganishwa na ya Tanga kupitia Kahe, hivyo kahawa ya Kilimanjaro ikapata njia ya pili, ya Mombasa. Ugomvi wa bendera ukageuka ugomvi wa bandari mbili. Tanzania ilipofunga mpaka mwaka 1977, Taveta ilijikuta mwisho wa njia hadi mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983.

Siku hizi kaunti inawaalika watalii kuyaona mahandaki ya Salaita na makaburi ya wanajeshi yanayotunzwa vizuri Voi na Taveta. Ni jambo jema. Lakini wapagazi wa jeshi waliokufa kwa maradhi na njaa hawana safu za mawe yenye majina. Na kuna Kasigau. Agosti 1915 Wajerumani walikiteka kituo kidogo cha Waingereza huko, na Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa ndio waliowaonyesha njia. Vijiji vilichomwa, watu wakahamishwa hadi Malindi, ambako wengi walikufa, na waliosalia hawakurudi mlimani kwao mpaka miaka ya 1930. Naiomba kaunti iwapeleke wageni hadi Rukanga pia, wakawasikilize wazee wa Kasigau kabla hawajapanda Salaita.