Mbwa asiyeweza kufunga kinywa

Katika Kiswahili fizi ni nyama inayoshika meno. Basi msicheke pasta wa Fizi akiandika leo juu ya kinywa cha mbwa. Jambo hili linaweza kuokoa mtoto wako.

Asubuhi moja kijana wa kwaya yetu alinijia mbio: "Pasta, imbwa yetu iko na mufupa mu meno. Kinywa haifunge!" Tukamkuta mbwa chini ya mwembe, taya la chini linaning'inia, mate yanatiririka, sauti imekwama. Alikuwa mpole, hakutaka kuuma mtu. Kijana alikuwa amekwisha kutia vidole mara mbili akitafuta mfupa, na jino likamkwaruza. Mimi nami nikakunja shati nimsaidie. Mzee mmoja mwindaji akanishika mkono: "Pasta, acha! Hiyo si mfupa. Ni kichaa." Kisha siku mbili mbwa akafa. Mfupa hatukuuona.

Kichaa cha mbwa kina namna mbili. Ya kwanza tunaijua: mbwa anakimbia ovyo na kuuma watu, hata miti. Ya pili ni ya kimya: ugonjwa unalegeza taya na koo, mbwa hawezi kumeza, mate yanajaa. Kumbe mauti iko ndani ya mate yale. Inapita kwa meno, kwa mkwaruzo, hata kwa kulamba kidonda. Wengine wanaacha mbwa alambe vidonda vyao, wakitaja Lazaro wa Luka 16. Lakini habari ile inaonyesha taabu ya Lazaro, haitufundishi dawa.

Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya hapo mlango uko wazi. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akaishi. Hata hivyo inakadiriwa kwamba watu karibu 59,000 wanakufa kila mwaka duniani, wengi katika Afrika na Asia. Katika kila 10, karibu 4 ni watoto chini ya miaka 15.

Basi, ukiona mbwa asiyefunga kinywa, fanya hivi:

1. Usitie mkono, hata kama mbwa ni wako. Weka watoto mbali, funga mlango, mwite munganga wa nyama.

2. Aliyeumwa, aliyekwaruzwa, au aliyeguswa na mate penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Jiwe jeusi na majani havisaidii.

3. Aende kituo cha afya siku ileile na kuuliza chanjo. Haipatikani kila mahali, na inatolewa kwa siku mbalimbali, asiikatishe. Ninyi vijana wa machimbo ya Misisi, msiseme "nitaenda nikipata gramu." Mara nyingi ugonjwa unangoja mwezi mmoja mpaka mitatu. Kidonda kinapona, mtu anasahau, kumbe adui anatembea ndani.

Ni kweli, mbwa wanaugua meno pia. Mbwa mkubwa ana meno 42. Uchafu wa njano unagandamana, fizi zinavimba na kutoka damu, kinywa kinanuka, anaacha kula. Mifupa iliyopikwa inapasuka na kuchoma kama sindano, usimpe. Usimng'oe jino kwa koleo. Na paka usimpe parasetamoli kamwe, inamuua. Kazi hiyo ni ya munganga wa nyama. Yako ni kumchanja mbwa tangu miezi 3, na kurudilia kama munganga atakavyokuambia.

Kijana wetu aliosha mkono wake kwenye pompi tukimhesabia dakika. Mama yake akauza mbuzi kwa ajili ya safari ya kutafuta chanjo, naye akachomwa sindano zote. Leo bado anaimba sauti ya tatu.

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki anajali uhai wa mnyama wake. Ndugu, anayemchanja mbwa wake anajali pia uhai wa watoto wa jirani. Wazazi, someni ukurasa huu pamoja na watoto jioni hii, kabla mmoja wao hajatia mkono.