Maandishi ya Mbele

Wajapani, wakitaka kuutaja ule ukurasa ambao mtunzi humlaki msomaji barazani kabla ya kumkaribisha ndani, husema maegaki, neno lililoungwa kwa mawili, mae, yaani mbele, na kaki, yaani maandishi, ambalo k yake hulegea ikawa g katika kuungana. Na yale yaandikwayo kitabu kikiisha huyaita atogaki, maandishi ya nyuma. Ni lugha ya mpima viwanja: yataja mahali tu, haisifu.

Mukadima ya Waarabu nayo yatokana na kutangulia, na Ibn Khaldun alipoiandika yake mwaka 1377 ilikua hata ikasomwa kama kitabu kamili, wengi wasiifikie tarikhi yenyewe iliyokusudiwa. Utangulizi wetu ni ndugu yake. Dibaji peke yake ndiyo yenye madaha, nami naipendea hayo, kwani asili yake ni kitambaa cha hariri chenye nakshi.

Hapa Lubumbashi, ambako mwanafunzi hulijua jambo hili kwa Kifaransa kabla ya Kiswahili, ulipata kutungwa msamiati usio msamiati. Mwaka 1965, mji ungali ukiitwa Elisabethville, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mitaa yetu, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, kurasa zisizotimia arobaini zilizopigwa kwa taipureta, akaziita Vocabulaire. Afunguaye akitafuta maana za maneno hazioni. Aonacho ni tarikhi ya mji, kama walivyoijua wale waliowapikia Wazungu na kuwafulia nguo. Jina lile, kwa rai yangu, lilikuwa ndiyo dibaji: ni kama kusema, kwanza yajueni maneno yetu.

Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii na mila aliyepata kufundisha chuo kikuu cha hapa miaka ya 1970, aliyatoa maandishi hayo Amsterdam mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na insha ya ufafanuzi. Kitabu kile ni adimu mikononi mwa wenyeji ambao habari zao zimo ndani yake. Atakayekichapa tena katika mji huu, na aje upesi, namsihi amwache Yav aanze kusema, na maelezo yake mwenyewe, hata yakiwa na hekima namna gani, ayafanye atogaki.