Sauti za Herufi kwa Watoto Wadogo

Mwalimu apewapo watoto wa miaka minne au mitano, jambo la kwanza alipendalo ni kuwaimbisha majina ya herufi. Watoto hufurahi, na wazazi husifu. Lakini mtoto ajuaye kuimba "emu, a, emu, a" hajaweza bado kusoma "mama". Jina la herufi si sauti yake, naye hushangaa ile "e" imekwenda wapi.

Huko pwani walimu wa vyuoni hawakomi katika alifu na bee. Baada ya majina humfundisha mtoto irabu, ndipo asomapo. Nasi Kiswahili kimeturahisishia kazi, kwa kuwa irabu zake ni tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Basi zitangulie hizo. Kisha m itamkwe kwa midomo iliyofumbwa, pasipo "e" mbele yake wala "u" nyuma yake. Ndipo zije ma, me, mi, mo, mu.

Ugumu uko katika m hiyo hiyo. Mtoto aliyezoezwa kwamba kila silabi huishia kwa irabu akifika kwenye "mtu" husoma "mutu", nasi humkemea, kumbe kosa ni letu. M hapa ni silabi kamili. Na apige makofi: m-to-to, matatu. Lakini mbu-zi ni mawili, maana m imeshikamana na b. Na mbu, mdudu mdogo vile, naye ana mawili, m-bu! Vivyo hivyo mtu mbaya ni m-ba-ya, bali nyumba mbaya ni mba-ya; mbuni mwenye kuzaa kahawa ni m-bu-ni, na yule ndege ni mbu-ni. Ubaoni herufi ni zile zile; sikio ndilo litengalo. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili ayajua haya kabla ya kuja shuleni, asijue kwamba ayajua.

Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma hazisumbui sana, ila mwalimu asiisahau ile alama ya juu.

Kwa mtoto ambaye lugha ya kwao haitengi l na r, kazi ni nyingine. Asianze kwa kuandika. Mwalimu na aseme "kula" na "kura", "mahali" na "mahari", mtoto aseme kama ni neno moja au mawili. Herufi zenyewe zingoje mpaka asikie.