Shokapu Iliyotumika Ikaguliwe Kabla ya Kufungwa

Ukisafiri kutoka Kayanga kwenda Nkwenda au Murongo, gari hupanda vilima na kushuka mabonde. Penye makorongo hurukaruka. Chini ya gari kuna kitu kinachotuliza mruko huo. Kitu hicho ni shokapu. Wengine hukiita shokomzoba.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Lami ya kutoka Kyaka inafika Bugene, lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe. Gari hubeba watu, mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa. Shokapu huchoka mapema. Mpya ni ghali, kwa hiyo wengi hununua zilizotumika, zilizofunguliwa kwenye magari mengine.

Kununua shokapu iliyotumika si kosa. Hatari ni kuifunga kama ilivyotoka dukani.

Je, shokapu hufanya kazi gani? Uzito wa gari hubebwa na springi. Springi ikibonyezwa hurudi juu, kisha hushuka tena. Ingekuwa peke yake, gari lingenesanesa muda mrefu. Shokapu ni bomba lenye oili. Ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likiruka, pistoni huisukuma oili ipite katika vitundu hivyo. Oili hupita kwa shida. Mfano wake ni bomba la sindano: hata ukisukuma kwa nguvu, dawa hutoka polepole kwa kuwa tundu ni dogo. Hivyo ndivyo mruko unavyokwisha.

Shokapu ikifa, tairi huruka na kuachana na barabara. Tairi lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani. Kwenye mteremko wenye kona, hilo ni jambo la kufa na kupona.

Sasa tuitazame shokapu iliyo mkononi. Usidanganywe na rangi nyeusi inayong'aa. Rangi hupakwa kwa brashi. Tazama fimbo yake. Iwe imenyooka, laini, bila kutu wala mikwaruzo. Fimbo yenye kutu huikata sili, na oili huvuja. Bomba likiwa limelowa oili, au limebonyea, rudisha. Kisha isimamishe wima, uisukume chini. Iende polepole, kwa uzito ule ule tangu juu hadi chini. Ikishuka bure mahali fulani, haifai. Yenye gesi hupanda yenyewe ukiiachia. Isiyo na gesi yaweza kubaki chini, na bado ikawa nzima.

Wapo wanaotoboa bomba, wakatia oili, kisha wakaziba kwa kuchomea. Usikubali. Gesi ikipata moto inaweza kupasua bomba, na vumbi la chuma huingia ndani likaharibu sili.

Shokapu iliyofaulu isafishwe kwa brashi ya waya, lakini brashi isiguse fimbo. Fimbo ifutwe kwa kitambaa safi. Rangi ipakwe kwenye bomba tu. Fundi asiibane fimbo kwa koleo, maana meno ya koleo huikwaruza. Mpira wa kuzuia vumbi, kizuizi cha mpira na beringi ya juu vinunuliwe vipya. Ni vitu vidogo, lakini vumbi letu jekundu halina huruma. Shokapu iliyolala dukani siku nyingi huingiwa na hewa kwenye oili. Isimamishe wima, uivute na kuisukuma mara tano au sita hadi iwe nzito sawasawa.

Kwenye gari nyingi ndogo, shokapu ya mbele hukaa ndani ya springi. Hapa ndipo watu huumia. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu kubwa. Ukifungua nati ya juu kabla ya kuibana kwa kibano maalumu, hufyatuka na inaweza kuua. Kamba na waya si kibano. Asiye na kibano aende kwa fundi aliye nacho. Wakati wa kuifyatua, mtu yeyote asiinamishe kichwa juu yake.

Gari lisimame juu ya vigingi imara, si jeki peke yake. Shokapu zifungwe mbili mbili, kushoto na kulia, za aina moja. Bolti zenye bushi zikazwe kabisa gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo bushi hupinda na kuchanika mapema.

Kazi ikiisha, bonyeza kona ya gari kwa nguvu, uiachie. Ipande, itulie. Ikiendelea kunesa, shokapu hiyo haijapona. Baada ya siku chache za safari, kagua nati na utazame kama oili inavuja. Tairi likianza kulika upande mmoja, fundi apime mwelekeo wa magurudumu.