Bati la Kyerwa Mbele ya Beriliamu

Ukitoka Rubya, Muleba, ukaelekea kaskazini-magharibi hadi Kyerwa, unaingia kwenye miamba ambayo wanajiolojia wameipa jina la Karagwe na Ankole. Kyerwa inajulikana kwa bati. Ng'ambo ya mpaka, kusini-magharibi mwa Uganda, miamba ya ukanda huohuo ilitoa pia berili, jiwe la ukoo mmoja na zumaridi, lenye metali iitwayo beriliamu. Beriliamu ina bei na sifa kubwa; hata hivyo, kwa kazi nyingi za kila siku naona heri bati.

Sifa zenyewe ni za kweli. Beriliamu ni nyepesi kuliko aluminiamu, ilhali haipindiki kirahisi hata ikilinganishwa na chuma cha pua. Ndiyo iliyotengenezewa vipande 18 vya kioo kikuu cha darubini ya James Webb, iliyorushwa angani Desemba 2021. Mirija ya eksirei ya kupimia matiti nayo huwekewa kidirisha cha beriliamu, kwa kuwa metali hiyo hupitisha miale karibu yote. Hapo sina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya beriliamu huishia ndani ya shaba: ikitiwa takriban asilimia 2 tu, shaba hufaa kwa springi na viunganishi vya umeme. Kazi hiyo bati huiweza pia, likichanganywa na shaba na fosforasi kidogo. Mhandisi atasema mchanganyiko huo una nguvu pungufu na huchoka mapema. Ni kweli, na kwenye ndege asikilizwe. Swichi ya taa ya sebuleni haidai nguvu hizo. Hata spana zisizotoa cheche, za kwenye maghala ya mafuta, hutengenezwa vizuri bila beriliamu, kwa shaba na aluminiamu.

Kinachonisukuma zaidi ni vumbi la beriliamu. Likivutwa, huweza kuleta ugonjwa wa mapafu usiopona, pengine baada ya miaka mingi, wenye kikohozi na kukonda ambavyo ni rahisi kudhaniwa kifua kikuu. Mwaka 2017 Marekani ilishusha kiwango kinachoruhusiwa hewani kazini kutoka mikrogramu 2 hadi 0.2 kwa mita ya ujazo. Wauzaji hujibu kwamba kipande kizima hakimdhuru anayekishika, nao hawakosei. Ila kipande hakibaki kizima milele: huchakaa, huuzwa kwa kilo pamoja na shaba nyingine, kisha hukatwa kwa grenda na fundi asiye na namna ya kujua kilichomo.